Kuta za Tukuyu ni za nani?

Leo naomba mpande gari pale Uyole, mshuke na barabara ya Kasumulu mpaka Tukuyu, ila msiangalie migomba wala chai. Angalieni kuta. Duka la kwanza jekundu kuanzia msingi mpaka juu, linalofuata bluu tupu, nembo ya kampuni ya simu imejaa ukuta mzima, na jina la mwenye duka limebanwa kwenye kona kama limeomba lifti. Ukikuta X nyekundu, hiyo ni ya watu wa barabara. Mchoro huo kila Mtanzania anausoma bila kufundishwa!

Mwenye duka anapata nini? Mara nyingi ni ile rangi tu. Na simlaumu hata kidogo. Mvua ya hapa inapita milimita 2,000 kwa mwaka, ukuta unaota ukungu kabla hujamaliza kuulipa. Mtu akija na ndoo za bure, utasema ndaga fijo na kumpisha.

Aliyeumia ni mchoraji. Zamani kinyozi hakufungua kibanda bila kuchorewa kichwa chenye panki, na mama ntilie alitaka samaki wake aonekane ukutani. Siku hizi bango la plastiki linachapwa kwa kompyuta Mbeya mjini na kuja na basi. Kuna dogo namfahamu, mkono wake ni balaa, sasa anaendesha bodaboda. Saluni ya mwisho aliyochora walimlipa nusu, eti "malizia kesho". Kesho yenyewe mpaka leo haijafika.

Watu husema tatizo ni soko. Mimi nabisha. Tatizo ni kwamba kila mchoraji anasimama peke yake, na anayenunua anajua hilo.

Mfano tunao hapahapa. Edward Saidi Tingatinga alitoka Tunduru, akaenda Dar kutafuta maisha, na mwaka 1968 akaanza kuchora wanyama kwenye vipande vya hadibodi kwa rangi za baiskeli. Alikufa 1972 kwa risasi ya polisi waliomfananisha na mtu mwingine. Kazi ingeweza kufa naye. Lakini wanafunzi wake waliendelea, na mwaka 1990 wakawa na ushirika wao rasmi. Leo mgeni akiulizia Tingatinga hamtafuti mtu mmoja, anatafuta kundi zima. Wachata, wale jamaa wa Dar wanaochora kuta kwa rangi za kupuliza, nao wanafahamika kama kundi.

Sasa nendeni mbali kidogo, Australia. Kuna kijiji cha wakulima wa nafaka kinaitwa Brim, jimbo la Victoria, kidogo kuliko hata Kyimo yetu. Mwaka 2016 mchoraji Guido van Helten alimaliza kuchora sura kubwa za wakulima kwenye maghala marefu ya nafaka yaliyokuwa hayatumiki tena. Watu wakaanza kufunga safari kwenda kuangalia ghala! Vijiji jirani navyo vikachora, ikawa njia ya utalii. Sisi watalii wanakuja wenyewe kuona Ziwa Ngozi na Daraja la Mungu, halafu mjini tunawaonyesha matangazo ya vocha.

Tusidanganyane, kuchora ukuta wa mtu bila ruhusa ni kuharibu mali yake. Ndiyo maana nasema kundi. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 4 ni ya vijana. Mikopo hiyo ikitajwa tunawaza kuku na bodaboda tu. Kwa nini isiwe rangi, ngazi na brashi? Kikundi kilichosajiliwa kinaweza kuomba ukuta wa soko kwa barua, na kinaweza kumdai mwenye saluni. Tena Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inalinda hata uchoraji, kwa hiyo kampuni ikitaka picha yenu kwenye kalenda yake, ije mezani kwanza.

Ukuta wa kuanzia? Mimi nasema stendi, na achorwe kikosi cha Tukuyu Stars kilichobeba ubingwa wa Bara 1986. Vijana wengi hapa hawajui hata sura zao. Nyie mngeanza na ukuta upi?