Daftari la Mchoraji Lisichanwe

Yako makosa ambayo mtu huyatenda kwa uovu, na yako makosa ambayo huyatenda kwa kupenda usafi. Haya ya pili ni magumu kuyaondoa, maana mwenye kuyatenda husifiwa. Leo, msomaji, nataka kusema juu ya kosa moja la namna hiyo lililomo katika madarasa yetu. Ni kosa la mwalimu kuchana kurasa za daftari la michoro kwa sababu mwanafunzi amekosea, au kumwamuru azichane mwenyewe.

Sisemi kwa kusikia. Nilipokuwa na umri wa miaka 13 nilikuwa na daftari ambamo nilimchora ng'ombe wa nyumbani kwetu. Nilimchora mara nyingi kwa kuwa miguu yake ya nyuma ilinishinda. Kila nilipoijaribu ilitoka kama miguu ya meza. Mwalimu alilitazama daftari, akachana kurasa tisa, akaniachia moja tu, ile yenye chungu na kikombe nilivyonakili kutoka ubaoni. Akasema, "Sasa daftari lako linatazamika." Darasa likacheka. Sikuchora tena mpaka nilipoingia chuo cha ualimu. Aibu iliyo kubwa zaidi ni hii: katika mwaka wangu wa pili wa kufundisha, mimi nami nilimchania mtoto ukurasa. Mkono ulikuwa umejifunza kazi hiyo kabla akili haijauliza sababu yake.

Tuwaulize basi wenye sanaa wenyewe. Leonardo da Vinci, Mwitalia aliyekufa mwaka 1519, aliwausia wachoraji wachukue kijitabu kidogo kila waendako, wawachore watu upesi wanapozungumza, wanapogombana, wanapocheka na wanapopigana. Akataka karatasi zake zipakwe rangi kwanza, ili alama isiweze kufutwa. Na kijitabu kikijaa kihifadhiwe vizuri, kichukuliwe kingine. Angalia tofauti iliyopo. Sisi twampa mtoto raba kabla ya kumpa kitu cha kuchora. Yeye alichagua karatasi isiyokubali kufutwa. Kurasa zake za michoro na maandiko zilizobaki ni zaidi ya 7,000, lakini picha zake za rangi hazifiki 25. Penye kazi moja iliyokamilika pamelala mamia ya majaribio.

Mwingereza John Constable alikuwa na madaftari madogo ya kutia mfukoni. Mwezi wa Septemba mwaka 1814 alichora kwa penseli mashua iliyokuwa ikiundwa karibu na kinu cha Flatford, kando ya mto Stour. Mchoro wenyewe ni mdogo, wa mistari ya haraka. Lakini mwaka 1815 picha ya rangi ya mafuta iliyotokana nao ilionyeshwa London. Daftari na picha vyote viwili vimehifadhiwa katika jumba la Victoria and Albert mjini humo. Laiti angalitokea mpenda usafi akalichana daftari lile, tungaliona mashua tusijue jinsi ilivyoundwa. Fundi wa jahazi wa Matondoni, katika kisiwa cha Lamu, haoni haya kwa vipande vya mbao vilivyotapakaa chini ya chombo chake. Kwa nini mchoraji aone haya?

Mfaransa Eugène Delacroix alifika Moroko, katika bara letu hili, mwaka 1832, akakaa miezi michache tu. Alijaza madaftari kwa michoro ya haraka, na pembeni akaandika kwa maneno rangi za nguo na za kuta, asije akazisahau. Aliporudi kwao aliendelea kuchora picha za Moroko mpaka karibu na kufa kwake mwaka 1863. Safari ya miezi michache ilimlisha miaka thelathini, na ghala ya chakula hicho ilikuwa daftari.

Wala mtu asidhani kwamba daftari ni ngazi ya kupandia tu. Katsushika Hokusai wa Japani alianza mwaka 1814 kutoa vitabu vya michoro ya watu, wanyama, samaki na mimea, vilivyopigwa chapa kwa mbao ili viwe vielelezo kwa wanaojifunza. Vilifika 15, ijapokuwa cha mwisho kilitoka baada ya kufa kwake. Hapo mchoro wa haraka ndio uliokuwa kazi kamili.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa kwamba daftari hununuliwa kwa fedha, na mzazi aliyeuza kuku ili alipate hapendi kuliona limechafuliwa. Tena nadhafu ni adabu. Maneno hayo yana haki yake. Lakini mzazi hakununua weupe wa karatasi, alinunua mafunzo. Karatasi iliyojaa majaribio imetumika, na iliyochanwa ndiyo iliyopotea. Nadhafu nayo ina mahali pake: kazi ya kuonyeshwa watu na ichorwe juu ya karatasi safi, kwa mkono uliokwisha kujifunza mahali pengine. Mahali hapo pengine ndipo ninapopatetea.

Walimu wenzangu, tusahihishe bila kuchana. Tuandike pembeni, "Tazama tena goti," kisha tumrudishe mtoto kwa ng'ombe wake. Nawe mwanafunzi unayenisoma, andika tarehe chini ya kila mchoro. Ulioukosea usiufute, chora wa pili kando yake, na wa tatu kando ya wa pili. Baada ya mwaka mmoja fungua daftari toka mwanzo, nawe utaona kwa macho yako jambo ambalo alama za mtihani haziwezi kukuonyesha, yaani njia uliyopita.

Mimi nami nimenunua daftari jipya. Katika ukurasa wa kwanza yumo ng'ombe, na miguu yake ya nyuma ingali mibaya. Ukurasa huo sitauchana.