Steringi wa Tsavo hakuwahi kuwepo

Wadau, ukitaka ubishi pale Mwigobero, waulize wanaosubiri boti ya Kinesi ni muvi gani kali zaidi ya kuwinda mnyama mla watu. Wapo watakaokutajia za chui milia wa India. Mimi nabaki na The Ghost and the Darkness, ya 1996. Kali sana, ila nina neno.

Stori yenyewe ni ya kweli. Mwaka 1898 simba dume wawili waliwala wafanyakazi wa reli pale Tsavo, Kenya, mpaka kazi ikasimama. Ndiyo reli ile iliyokuwa inakuja huku ziwani. Injinia Patterson aliwaua wote wawili Desemba. Sasa kwenye muvi kaletwa mwindaji Mmarekani, Remington, kachezwa na Michael Douglas, na mwenzenu anaiba shoo yote. Huyo mtu katungwa! Hata simba wamewekewa manyoya ya shingoni, wakati wale wa kweli hawakuwa nayo. Wako makumbusho ya Field, Chicago, wamekaushwa.

Hapo sina ugomvi, muvi ni muvi. Kinachoniuma ni walioliwa. Patterson alikuja kudai ni watu 135. Wanasayansi waliopima mabaki ya simba wale wakasema mwaka 2009 kwamba ni kama 35. Idadi tunabishania, majina ya wengi hatuna. Na Samuel, Mwafrika wa kwenye muvi, kapewa kazi ya kutusimulia ushujaa wa wageni.

Turudi Bongo. Kuna prodyuza mmoja, simtaji, anajijua, kila siku analia stori zimeisha, halafu anatuletea tena mama mkwe na mganga. Kaka, Njombe je? Miaka ya 1930 na 1940 simba walikula watu kule mwaka baada ya mwaka, hadi bwana nyama mmoja Mwingereza, George Rushby, alipowamaliza. Wenyeji wengi waliamini ni simba wa kutumwa. Mganga wako si yumo humohumo?

Ila tafadhali, Rushby asiwe steringi. Nampa usteringi mama ambaye jana jirani yake kachukuliwa, na leo asubuhi lazima atoke akachote maji, maana watoto hawajui habari za simba, wanajua kiu. Watu wa ziwani tunaoishi na mamba tutamwelewa bila kutafsiriwa.

Haya, huyo mama acheze nani? Tajeni. Ila msiniletee yule dada wa kope za bandia, simba atamkimbia.