Kalamu ya Rais na Mlango wa Nyumbani

Ndugu msomaji, tarehe 9 Desemba, 2019, sherehe za kutimiza miaka 58 ya Uhuru wa Tanzania Bara zilifanyika hapa kwetu Mwanza, katika uwanja wa CCM Kirumba. Wengi waliokuwapo wanaikumbuka siku ile kwa gwaride, na kwa kuwaona viongozi wa upinzani wakihudhuria pamoja na viongozi wa Serikali. Lakini katika nyumba kadha wa kadha za Igogo, Mkuyuni na Pasiansi, na ng'ambo ya maji huko Sengerema na Ukerewe, jambo lililobaki masikioni ni tarakimu moja aliyoitamka Rais John Magufuli: wafungwa 5,533 wamepata msamaha. Kwa mtu anayesikiliza redio huku akila, hiyo ilikuwa habari ya taifa. Kwa mama aliye na mwanawe katika gereza la Butimba, ilikuwa habari ya mtu mmoja tu. Je, wangu yumo?

Swali hilo huulizwa kila mwaka unapokaribia Aprili 26, Siku ya Muungano, na Desemba 9, Siku ya Uhuru. Huulizwa kwa matumaini makubwa na kwa maarifa machache, na hapo ndipo jamaa wengi huumia. Kwa hiyo juma hili natumai utanivumilia tuzungumze habari ya kalamu ya Rais: inafika wapi, inakomea wapi, na ni kazi gani inayobaki mikononi mwetu sisi wa nyumbani.

Uwezo wa kusamehe Rais ameupata katika Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, Ibara ya 45. Ibara hiyo inampa njia nne. Aweza kumsamehe mtu aliyepatikana na hatia, kwa masharti au bila masharti. Aweza kumwachilia mtu asitumikie adhabu, ama kabisa ama kwa muda maalumu. Aweza kuigeuza adhabu iwe nyepesi zaidi. Na aweza kuifuta adhabu yote au sehemu yake. Utaona basi kwamba neno moja la "msamaha" limebeba mambo manne, na ni baadhi yake tu yanayomfikisha mtu nyumbani siku ile ile.

Tuchukue mfano. Tarehe 26 Aprili, 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alitoa msamaha kwa wafungwa 5,001. Kati yao, 1,516 waliachiliwa mara moja. Waliobaki, 3,485, walipunguziwa adhabu tu, nao wakaendelea kutumikia muda uliosalia. Yaani kwa kila wafungwa kumi waliotajwa katika msamaha ule, waliotoka walikuwa kama watatu. Jamaa anayesikia tarakimu ya kwanza akakimbilia kununua mbuzi huenda akamlisha mbuzi huyo majani kwa miaka miwili zaidi.

Tena usiuchanganye msamaha wa Rais na punguzo la kawaida. Chini ya Sheria ya Magereza ya mwaka 1967, mfungwa wa kifungo kinachozidi mwezi mmoja aweza kupunguziwa theluthi moja ya kifungo chake kwa kazi na mwenendo mzuri. Aliyefungwa miaka sita, akienda vyema, hutazamia kutoka baada ya miaka minne. Punguzo hilo halingoji sikukuu wala hotuba. Msamaha wa Rais ni jambo jingine, lenye masharti yake kila linapotolewa.

Sasa rudi kwenye maneno ya Katiba: "aliyepatikana na hatia". Maneno hayo ni mazito. Mahabusu, yule ambaye kesi yake haijakwisha, hayumo. Hata akae rumande miaka mingapi, msamaha wa sikukuu hupita pembeni yake, kwa kuwa mbele ya sheria bado hana kosa la kusamehewa. Huko Marekani mambo ni tofauti. Tarehe 8 Septemba, 1974, Rais Gerald Ford alitia saini msamaha kwa Richard Nixon, aliyemtangulia katika urais, kabla Nixon hajashtakiwa mahakamani kwa lolote. Sisi hatukuichukua njia hiyo. Kwetu mahakama husema kwanza, ndipo Rais huweza kusema.

Mahabusu basi ana mlango wake mwingine, nao ni mlango wa Mkurugenzi wa Mashtaka, mwenye uwezo wa kuiondoa kesi mahakamani. Tulilishuhudia jambo hili hapa hapa Mwanza mwezi Julai, 2019. Rais Magufuli aliingia gereza la Butimba akasikiliza malalamiko ya waliomo, na wengi walilia juu ya kesi zisizokwisha na juu ya kubambikiwa mashtaka. Katika siku zilizofuata baadhi ya mahabusu walitolewa, si kwa msamaha, bali kwa kufutiwa mashtaka. Mwenye ndugu rumande asiingoje Desemba 9. Aitafute namba ya kesi, ajue imetajwa mara ngapi na upelelezi umefika wapi, kisha aende kwa wakili au kwa wasaidizi wa kisheria.

Na je, nani huingia katika orodha? Ndugu msomaji, hapa nakuomba utulie, kwa maana hapa ndipo fedha za maskini hupotelea. Msamaha wa sikukuu kwa kawaida huandikwa kwa makundi. Aghalabu hutajwa wazee wa miaka 70 na zaidi, wagonjwa mahututi waliothibitishwa na jopo la madaktari, wanawake wajawazito au walioingia gerezani na watoto wanaonyonya, na wenye ulemavu. Aghalabu pia hutajwa makosa yasiyohusika, kama vile kubaka, unyang'anyi wa kutumia silaha, dawa za kulevya na rushwa. Maofisa wa magereza huyatazama majalada na kuona nani analingana na masharti. Kwa hiyo akikujia mtu, hata awe amevaa suti na kushika bahasha yenye mhuri, akakwambia utoe shilingi laki tatu ili jina la mwanao "lipenyezwe", mjue kuwa ni mwizi. Umri wa mzee wako na ugonjwa wa nduguyo haununuliwi.

Lakini si kila msamaha huandikwa kwa makundi. Ziko adhabu ambazo Rais huzitazama jina kwa jina, nazo ni za kifo. Jaji aliyetoa hukumu hiyo hupeleka taarifa yake kwa Rais, na hapana mtu anayenyongwa pasipo saini yake. Mwezi Novemba, 1862, Rais Abraham Lincoln wa Marekani aliletewa majina ya Wahindi Wekundu 303 wa kabila la Dakota waliohukumiwa kifo baada ya vita huko Minnesota. Aliagiza kumbukumbu za kesi zao zichunguzwe, kisha akaandika kwa mkono wake majina ya watu 39 tu. Mmoja aliahirishiwa, na 38 wakanyongwa Desemba 26. Kalamu ile iliwaokoa zaidi ya watu 260, na kalamu ile ile iliwaua 38. Kwetu hapa, adhabu ya kifo haijatekelezwa tangu katikati ya miaka ya 1990, na mwezi Septemba, 2017, Rais Magufuli alisema hadharani kwamba hatatia saini mtu anyongwe. Nadhani mwenye moyo hawezi kumlaumu kwa kuuogopa mzigo huo.

Hata hivyo, kusamehe nako kuna mzigo wake. Desemba 9, 2017, huko Dodoma, miongoni mwa waliosamehewa walikuwamo wanamuziki Nguza Viking na mwanawe Johnson Nguza, waliohukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2004 kwa makosa ya kuwabaka watoto. Wapenzi wa muziki walishangilia. Watetezi wa haki za watoto walihuzunika, wakauliza wale watoto na wazazi wao wamefikiriwaje. Sikusudii kuihukumu upya kesi iliyokwisha. Nasema tu kwamba nyuma ya kila jalada kuna nyumba mbili: inayomngoja aliyefungwa, na ile iliyotendewa. Saini ya Rais huondoa adhabu. Haiondoi maumivu ya nyumba ya pili, wala haimpi mtu aliyetoka ruhusa ya kupita mbele ya nyumba hiyo akicheka.

Sasa tufike kwenye mlango wetu wenyewe. Wengi mnalijua jina la Bibi Titi Mohamed, mwanamke aliyewakusanya akina mama wa nchi hii katika TANU wakati wa kupigania Uhuru. Mwaka 1971 alipatikana na hatia ya uhaini akafungwa maisha, na mwaka 1972 Mwalimu Nyerere akamsamehe. Je, alirudi kwenye maisha yale ya zamani? La. Ndoa yake ilikwisha vunjika, na wengi waliokuwa wenzake katika siasa walimkwepa. Miaka mingi ilipita kabla ya taifa kumheshimu tena hadharani, na leo barabara kubwa ya Dar es Salaam inaitwa kwa jina lake. Saini ilimtoa gerezani kwa siku moja. Watu walichukua miaka kumtoa katika upweke.

Ikiwa hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa mtu mashuhuri, itakuwaje kwa kijana wa Mlango Mmoja aliyefungwa kwa wizi wa nyavu? Anatoka Butimba akikuta chumba chake kimepangishwa, mkewe ameolewa Geita, na pale mwaloni Kirumba kila kinachopotea jina lake hutajwa la kwanza. Mtu huyo asipopata wa kumwambia "karibu ule", atawarudia wale waliomkaribisha zamani, na majirani watasema, "Tulijua."

Nisieleweke kwamba tumpe funguo za duka siku ya kwanza. Uaminifu hurudi kidogo kidogo, kama maji ya ziwa baada ya kiangazi. Lakini jamaa waweza kukaa mapema, kabla hajatoka, wakaamua atalala wapi, atafanya kazi gani, na nani atakwenda pamoja naye kuwaomba radhi aliowakosea. Baba mdogo mwenye mtumbwi aweza kumpa nafasi ya kuvuta nyavu kwa majaribio. Mjumbe wa nyumba kumi aarifiwe, ili asishtuke kumwona. Watoto waelezwe ukweli kwa maneno ya umri wao, kwa sababu wenzao shuleni watawaeleza kwa maneno mabaya zaidi.

Wewe uliye na mtu Butimba, kabla ya sikukuu ijayo chukua daftari uandike tarehe aliyohukumiwa, kosa, miaka aliyopewa na umri wake. Toa theluthi moja uone mwaka wa kutoka. Kisha, msamaha uje usije, uanze kumwandalia mahali pa kulala.