Chumba kwanza, spika baadaye

Ni kweli mastaringi, yaani hatua ya mwisho ya kuuandaa wimbo, inawezekana nyumbani, ila hela ya kwanza iende kwenye chumba, si kwenye spika. Kuta mbili zilizoachana mita 3 hurudishiana wimbi la takriban hezi 57, na hapo ndipo besi na kiki za nyimbo zetu nyingi zinapokaa. Ukikaa katikati ya chumba, sauti hiyo inapotea. Ukisogea ukutani, inavuma. Matokeo yake, ukiwa pale katikati, unaongeza besi isiyohitaji kuongezwa, na wimbo ukipigwa kwenye gari unakuwa uji mtupu. Trei za mayai hazizuii mawimbi marefu namna hiyo. Yanataka kitu kinene kwenye kona, kama pamba ya kuzuia joto iliyofungwa kwenye fremu za mbao.

Wapo watakaosema hedifoni zinamaliza kazi. Kwa aliyepanga chumba kimoja ni mwanzo mzuri, lakini kila sikio husikia upande wake tu, hivyo upana wa stereo unadanganya. Wengine wanahofia kwamba wimbo usiobanwa na limita hadi juu utamezwa na za wenzao. Hofu hiyo imepitwa na wakati: Spotify kwa kawaida husawazisha nyimbo kwenye LUFS -14 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na YouTube hushusha zilizozidi. Ukibana kupita kiasi unabaki na ngoma zisizo na pigo. Mnaoanza, pakueni mita ya bure ya LUFS, mlinganishe kazi yenu na wimbo mnaoujua vizuri, vyote kwa kiwango kimoja cha sauti, kabla ya kununua chochote.