Kujaza upepo kila asubuhi si kuziba pancha

Leo naacha habari za wodini. Huku Al Muraqqabat ninakoishi kuna kaka yetu mmoja wa Mwanza anaendesha Canter ya kusambaza mizigo. Wiki ya tatu sasa tairi moja la nyuma linapungua upepo, na bosi wake jibu lake ni moja: jaza, nenda. Mimi napinga, ingawa mtasema nesi kajitia ufundi.

Mgonjwa anayevuja damu kwa ndani, ukimwongezea damu bila kutafuta inakotokea, presha itapanda, mtafurahi, halafu itashuka tena. Tairi ni hivyo hivyo, tena joto la Dubai linaficha ugonjwa. Gari likishatembea, upepo unapata moto na geji inapanda. Ndiyo maana hupimwa asubuhi kabla ya safari. Na yale matairi pacha ya nyuma, la ndani likinywea la nje linabeba mzigo, wewe kwa macho huoni kitu.

Kutafuta kwenyewe ni maji ya sabuni tu. Anza kwenye vali, huenda imelegea au imeingia mchanga kwa kukosa kifuniko. Kisha kashata zote, ukizungusha gurudumu polepole, na pale tairi linapokutana na rimu. Panapotoa mapovu ndipo, piga chaki. Kuziba, tairi livuliwe na kiraka kikae kwa ndani. Ule uzi wa mpira wa kuchomeka kwa nje ni wa kukufikisha gereji. Ubavuni hapazibwi, nunua jingine.

Sasa ugomvi wangu na bosi. Tairi la lori likitembea na asilimia 80 ya upepo wake au pungufu (linatakiwa 100, linakutwa na 80) huhesabiwa kuwa limetembea bapa. Nyaya za chuma za ubavuni huenda zimeshaanza kukatika, na siku ya kulijaza ubavu unaweza kufumuka kama zipu. Karakana makini huliweka kwanza ndani ya kizimba cha chuma. Pale kituo cha mafuta hakuna kizimba, na anayechuchumaa na mpira wa upepo mkononi si bosi, jamani!

Wala bosi hawezi kusema hajui. Kanuni za mwaka 2017 ziliweka kwa matairi mabovu faini ya dirham 500, pointi nyeusi 4 na gari kuzuiwa siku 7. Najua kukataa kazi ni kugumu wakati visa iko kwa mwajiri. Nilichomshauri ni kupiga picha ya geji kila asubuhi na kumtumia bosi, tarehe ikionekana. Wodini kisichoandikwa huhesabika hakikufanyika, na siku ya ajali ataulizwa dereva.

Wadau wa njia ya Tunduma, nyie mabosi wenu mnawaambiaje?