Kupukutika kwa Seli: Istilahi Iliyo Shambani

Aghalabu mgonjwa wa shinikizo la damu katika kaunti za Meru na Embu huambiwa kwamba mafuta huziba mishipa kama taka zizibavyo mfereji. Maelezo hayo ni mepesi, lakini yana hatari. Mkulima asiyehisi kizuizi chochote kifuani aweza kudhani amepona, akaacha dawa.

Hakika ni kwamba madhara huanza mapema, katika utando wa ndani wa mshipa, wenye unene wa seli moja tu. Chembe zibebazo lehemu hupenya chini ya utando huo na kuoksidishwa. Mafuta yaliyoharibika hivyo hunaswa na kipokezi kiitwacho LOX-1, kilichotambuliwa na wanasayansi wa Japani mwaka 1997. Ndani ya seli huzalishwa mafuta mengine, seramaidi, yanayovuruga mitokondria na kuamsha vimeng'enya viitwavyo kaspesi. Hapo seli hujivunja yenyewe. Utando ukipata mianya, lehemu zaidi huingia, na damu huweza kuganda palipojeruhiwa.

Mwaka 1972, Kerr, Wyllie na Currie walikiita kifo cha namna hiyo apoptosisi, kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya kuanguka kwa majani. Kiswahili kina kitenzi chake tangu jadi: kupukutika. Mkulima wa Runyenjes au Imenti anajua kwamba mbuni hupukutisha majani makuukuu kwa kawaida, lakini ukishikwa na kutu huyapukutisha kabla ya wakati, na mavuno yakapungua. Seli za mishipa nazo ni vivyo hivyo: kufa kwa zilizochakaa si ugonjwa; kufa kabla ya wakati ndiko msiba.

Huenda ikadaiwa kwamba wakazi wa huko huongea Kimeru na Kiembu. Ni kweli, lakini muuguzi na mgonjwa wasiochangia lugha ya mama hukutana katika Kiswahili, ambacho Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya lugha rasmi.

Kwa hiyo, yafaa wanafunzi wa Kiswahili waketi na wenzao wa sayansi, wapendekeze istilahi kama hizi na kuzijaribu kliniki kabla ya kuziingiza katika kamusi. Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini nani atauziba ufa ambao hajaelezwa ulipo?