Mkanda Haufungwi kwa Ajili ya Polisi

Februari 2004, kanuni za Waziri wa Uchukuzi John Michuki zilipoanza kutekelezwa nchini Kenya, kila matatu ilitakiwa kuwa na mikanda ya usalama na kidhibiti mwendo cha kuizuia kupita kilomita 80 kwa saa. Wenye magari walilalamikia gharama, lakini serikali haikulegeza kamba. Ilifanya vyema, kwani abiria hawezi kufunga mkanda ambao haupo.

Lakini panda matatu leo. Mara nyingi utakuta mkanda umekwama chini ya kiti, kifungio kimevunjika, utepe umejaa vumbi na mafuta hadi abiria anaogopa utamchafulia shati. Makanga hupaza sauti, "Fungeni mikanda!", anapoona kizuizi cha polisi mbele, gari likishapita, mikanda hufunguliwa. Vidhibiti mwendo navyo huchezewa na mafundi.

Wapo wanaosema mtu mzima aachiwe maisha yake. Hatukubaliani nao hata kidogo. Gari likigonga, asiyefunga mkanda hurushwa na kumponda aliyeketi mbele yake, hata kama huyo amefunga wake. Wenye magari watengeneze mikanda, polisi wakague kila kiti badala ya kuchungulia dirishani, nasi abiria tukatae kulipa nauli kabla ya kuonyeshwa mkanda unaofunga.